Wimbo Ambao Heche Hakutaka Kuupiga

“Mimi siendi popote,” Rhobi alisema, akaketi juu ya mzigo wetu ili nisiubebe. “Unataka kurudi, rudi. Miguu ni yako.”

“Tunarudi wote watatu. Sasa hivi, jua likiwa bado juu.”

“Eti kwa sababu umeona mishale.”

“Ndiyo. Kwa sababu nimeona mishale.”

“Wegesa, umesikia? Mama Gati ameona mishale katika nchi ya Wakurya! Kesho atakuja mbio kutuambia ameona ng’ombe.”

Wegesa hakucheka. Alikuwa amesimama penye mlango wa kibanda chetu cha majani, amemweka binti yangu Gati begani, akimpigapiga mgongo ingawa mtoto hakuwa analia. Nyuma yake niliona vumbi la uwanjani na manyoya ya mbuni yakirukaruka juu ya vichwa vya wachezaji. Ilikuwa alasiri ya siku ya pili ya ngoma.

“Iko wapi hiyo mishale?” Wegesa aliuliza.

“Chini ya majani waliyotandika vijana wa Nyamhanga. Nilikwenda kuomba kidogo nimlazie mtoto, nikakuta hakuna mtu. Nilipoyainua nikaona ngozi ya ng’ombe imekunjwa. Ndani yake mishale, imefungwa mafungu mafungu, na ncha zimevikwa vipande vya ngozi laini.”

Rhobi aliinuka nusu juu ya mzigo, akaketi tena. Alijua maana yake kama mimi. Mtu havishi ncha ya mshale ngozi ila kama ameipaka sumu na hataki ikauke kabla ya kazi.

“Labda wanawinda,” alisema, sauti imeshuka kidogo. “Nyumbu wamejaa ng’ambo ya mto.”

“Mwindaji anaficha mishale chini ya kitanda chake? Na mkuki wake ameuchomeka uwanjani kila mtu auone?”

“Wewe unatafuta sababu tu. Tangu jana huna raha. Wasichana wa ng’ambo wanamtazama mumeo Heche anavyopiga litungu, na wewe roho inakuuma.”

Alilisema hilo ili liniume, na siku nyingine ningemjibu mpaka asahau njia ya kwao. Siku ile sikuwa na nafasi ya wivu. Mikono yangu ilikuwa baridi tangu nilipoyarudisha yale majani mahali pake, moja moja, kama nilivyoyakuta.

Ngoma hii tulikuwa tumeingoja tangu masika. Rhobi, Wegesa na mimi tuliolewa Kemambo msimu mmoja. Tulipalilia pamoja, na katika kila shamba tulilopalilia mwaka ule wa 1954 mazungumzo yetu yalikuwa haya tu: ulezi ukishaingia ghalani, tutakwenda ngoma ya mtoni, tutalala huko huko mpaka iishe. Chifu alitoa ruhusa ya siku nne. Tarishi wake alikuja kusimamia siku ya kwanza, akanywa pombe ya watu, akapanda baiskeli yake akaondoka. Polisi walikuwa Tarime, na Tarime ni mwendo wa kutwa.

Haikuwa ngoma ya furaha tu. Wakati wa mvua watu wa ng’ambo ya Mto Mara walivuka wakachukua ng’ombe wetu. Nyamhanga, kiongozi wa vijana wetu, alipoteza mdogo wake, aliyefuata nyayo akauawa vichakani. Kabla ya hapo sisi nasi tulikuwa tumechukua ng’ombe wao, lakini hilo watu wa kwetu hawapendi kulitaja. Wazee wa pande zote mbili walikaa wakakubaliana kwamba, kabla ya maneno makubwa, vijana wacheze pamoja kwanza, wazoeane nyuso. Uwanja ukachaguliwa upande wetu, karibu na kivuko cha mawe. Kila mwanaume alipofika alichomeka mkuki wake ardhini pembeni, wa kwetu mstari wao na wa ng’ambo mstari wao, na mzee akakaa kuulinda.

Mpigaji walimchagua Heche, mume wangu, kwa sababu mama yake alizaliwa ng’ambo. Aliketi juu ya kigoda katikati ya uwanja, litungu, kinubi chetu, limemwegemea kifuani, nyuzi zake nane zimekazwa barabara; watu wetu walikuwa mkono wake wa kulia, wa ng’ambo mkono wa kushoto, wote wakimchezea yeye. Siku ya kwanza nilimtazama nikajivuna mpaka nikasahau kuipua mboga.

Siku hiyo hiyo mwanamke mmoja wa ng’ambo alikuja kibandani kwetu kuomba kaa la moto. Aliitwa Waisiko. Mgongoni alikuwa na mtoto wa kiume mkubwa sawa na Gati wangu.

“Kwenu hamna hata moto?” Rhobi alimuuliza.

“Upo,” Waisiko alisema. “Ila tulikuja tumebeba adabu, mikono ikajaa.”

Tulicheka mpaka Wegesa akashika mbavu. Waisiko aliketi, akala viazi vyetu, akatufundisha namna kwao wanavyotingisha mabega katika ngoma. Rhobi alijifunza haraka kuliko sisi wote. Jioni ile nililala nikidhani mambo yamekwisha, kwamba watu wakishakula kiazi pamoja hawawezi tena kufanyiana ubaya.

Sasa mishale ilikuwa chini ya majani, na Rhobi alikuwa amekalia mzigo.

“Mwulize mumeo,” alisema mwishoni. “Akikwambia tuondoke, nitabeba mzigo huu peke yangu mpaka kwako.”

Heche alikuja kula jua lilipokuwa linashuka. Nilimpa ugali wa ulezi na maziwa mgando. Alinawa, akamega tonge, akalishika tu mkononi.

“Mishale ile ni ya nini?” nilimuuliza.

Hakushtuka. Hapo ndipo nilipoogopa kweli kweli, kwa sababu nilikuwa bado natumaini atashtuka.

“Umemwambia nani?”

“Rhobi na Wegesa.”

“Isitoke hapo.” Alilirudisha tonge kwenye sahani. “Nyamhanga alinijia leo asubuhi. Anasema kesho, jua likifika utosini, nipige wimbo wa mdogo wake, ule wa msiba. Nikifika pale jina la marehemu linapotajwa, wao watainua majani.”

“Na wewe utakuwa wapi?”

“Mimi ni mpigaji, Mokami. Nitakuwa nimekaa katikati.”

“Basi usiupige.”

“Nikikataa, watasema damu ya mama yangu imesema. Wataanza na mimi. Alinambia hivyo huku anacheka, mkono wake uko hapa begani. ‘Ndugu yangu,’ anasema, ‘wewe ni wetu, au siyo?’”

“Kata nyuzi. Sema zimekatika.”

“Amekwisha kulifikiria. Vijana wake wawili hawabanduki penye litungu tangu asubuhi. Hata kwenda kujisaidia wananisindikiza. Yule pale mmoja.”

Nilitazama. Kijana alikuwa amesimama kando ya kibanda cha jirani, anatafuna kijiti, anatutazama. Alinipungia mkono kwa heshima kabisa.

Nililipima jambo lile kama ninavyopima unga: sikuongeza, sikupunguza. Heche akipiga wimbo, watu wa ng’ambo watamuua wa kwanza, maana yuko karibu nao, hana silaha, naye ndiye aliyetoa ishara. Asipopiga, watu wetu wenyewe watamuua. Kwa njia yoyote kesho mchana mume wangu angekuwa maiti kando ya kigoda chake, na mimi ningerudi Kemambo na mtoto mgongoni na litungu kichwani.

“Wewe chukua mtoto uende,” alisema. “Ninyi wanawake hawatawazuia.”

Kulipokucha nilimfunga Gati mgongoni nikaondoka na Wegesa. Sikuwa nakimbia. Nilitaka kufika kwa chifu. Tukienda haraka tungemkuta barazani kwake, na akipanda baiskeli na askari wake wangeweza kufika uwanjani kabla ya mchana. Rhobi alibaki. Bado alikuwa anasema tunajitisha wenyewe, lakini alisema polepole, na mzigo alikuwa ameshaufunga.

Tulipofika penye njia inayopanda mlima tuliwakuta vijana wa Nyamhanga wameketi juu ya jiwe. Nyamhanga mwenyewe alikuwa pamoja nao. Alikuwa kijana mzuri, mrefu, na meno meupe. Tangu mdogo wake afe alikuwa mpole mno kwa kila mtu, na upole ule ndio uliokuwa unanitisha.

“Shemeji,” alisema, “asubuhi yote hii?”

“Mtoto ana homa. Nampeleka kwa bibi yake.”

“Pole.” Alisimama, akaja mpaka karibu, akaweka mgongo wa mkono wake juu ya paji la uso la Gati. Aliuweka pale muda mrefu. Mtoto akamchekea. “Amepoa kama maji ya mtungi,” Nyamhanga alisema. “Homa imekwisha. Una bahati.”

“Bibi yake alimwota vibaya.”

“Bibi nao wanaota sana.” Wenzake walicheka. “Rudini mkacheze, shemeji. Mumeo anapiga leo. Mke wa mpigaji akiondoka ngoma haijaisha, watu watasema nini? Watasema hampendi ngoma yetu.”

Wegesa alikuwa amenishika kitenge kwa nyuma. Tuligeuka. Hakuna aliyetugusa, hakuna aliyetufuata. Hawakuwa na haja, kwa kuwa upande wa pili ulikuwa mto, na katika mto, chini ya kivuko, mamba walikuwa wanaota jua juu ya mchanga kama walivyofanya kila asubuhi.

Nikaenda kwa mzee Nyangwine, aliyekuwa analinda mikuki yetu. Alikuwa ameketi kwenye ngozi ya mbuzi, fimbo magotini, anatazama uwanja ambao ulikuwa haujajaa bado.

“Shikamoo, tata,” nilisema. Tata kwetu ni baba.

“Marahaba, mwanangu.”

Nikachutama, nikamweleza kwa sauti ya chini. Hakugeuza kichwa.

“Mimi nilipewa mikuki niilinde,” alisema nilipomaliza. “Mikuki ipo. Majani hakuna aliyenambia niyalinde.”

“Basi sasa nimekwambia mimi. Sema nao, tata.”

“Nilisema nao jana. Walinisikiliza vizuri sana. Waliponisikiliza wakaniletea pombe.” Akakohoa. “Zamani kijana akimkasirisha mzee alikuwa halali usingizi kwa hofu ya laana. Siku hizi wamekwenda vita vya Wazungu wakarudi, wamekwenda migodini wakarudi, hawakufa. Wanadhani laana ni maneno tu.”

“Piga yowe basi. Waambie watu wa ng’ambo wavuke warudi kwao.”

Hapo ndipo aliponitazama, na macho yake yalikuwa yamechoka kuliko yangu.

“Nikipiga yowe, watafanya nini? Watarukia mikuki yao ile pale. Vijana wetu watainua majani. Tutakuwa tumeanza asubuhi badala ya mchana, basi. Na mumeo atakuwa katikati vile vile.”

Nikasimama. Nilikuwa nimekwisha kumfikiria Waisiko, namna ya kumnong’oneza tu, yeye peke yake. Lakini Waisiko ana mume, na mume ana ndugu, na neno lile lingefika kwenye mikuki kabla sijafika kwenye kibanda changu.

Rhobi alinikuta njiani. Alikuwa anakuja mbio na uso wake umekuwa kama majivu.

“Mama Gati,” alisema. “Hawajavaa viatu.”

“Nani?”

“Vijana wa Nyamhanga. Nimepita kibandani kwao sasa hivi. Viatu vyote vya ngoma vimepangwa mlangoni. Wao wameshapanda uwanjani miguu mitupu.”

Nilielewa mara moja, na niliona kwamba yeye naye ameelewa. Mchezaji wetu hachezi bila vile viatu vya mti, vyenye nyayo nene kama tofali, vinavyomfanya awe mrefu kuliko mlango. Mtu aliyevivaa anaweza kuruka na kupiga vishindo mpaka ardhi ikalia. Kukimbia hawezi. Hawezi kumkimbiza mtu na hawezi kukimbizwa. Rhobi, aliyependa ngoma kuliko chakula, hakuamini mishale, lakini viatu aliviamini.

“Nilikutukana,” alisema.

“Utanitukana tena kesho, tukiwa hai. Twende uwanjani.”

“Kufanya nini?”

“Sijui. Heche yuko kule.”

Uwanja ulijaa. Watu wa ng’ambo walikuja wamependeza: manyoya, shanga, ngozi za mbega, njuga miguuni, na viatu vyao vya mti vikigonga tko, tko, tko kwenye ardhi kavu. Wanawake wao walisimama nyuma. Niliona Waisiko ananitafuta kwa macho, na aliponiona akatingisha bega moja, lile fundisho lake la juzi. Nilishindwa kumrudishia.

Vijana wetu walikuwa wameketi. Walikuwa wamebeba yale majani ya kulalia wakayatandika pembeni mwa uwanja, wakayakalia, kama watu waliochoka. Kila mmoja alikuwa ameweka mkono mmoja chini, katikati ya majani.

“Watu wa Kemambo!” kijana mmoja wa ng’ambo alipaza sauti. “Leo mmekaa kama bibi harusi! Pombe imewashinda?”

“Tunapumzika kidogo, wageni wetu,” Nyamhanga alijibu. “Mtatuona.”

Wageni wakacheka, wakashangilia.

Heche alianza na nyimbo za mizaha, ule wa mwanaume mvivu na fahali wake, ule wa mama mkwe aliyeanguka ghalani. Wimbo ulipokaribia kwisha aliunganisha mwingine kabla watu hawajapumua. Niliona jasho likitiririka shingoni mwake. Alikuwa anavuta muda, lakini jua halivutwi. Kivuli cha kigoda chake kilizidi kufupika mpaka kikaingia chini ya kigoda chenyewe.

Nyamhanga aliinuka, akaenda taratibu mpaka katikati, akainama akamsemesha Heche sikioni. Akampiga bega kirafiki. Akarudi akaketi kwenye majani.

Heche aliacha kupiga. Alinitafuta katika watu, akaniona. Hakunifanyia ishara yoyote. Aliniangalia tu, kama mtu anayeweka kitu mahali ili akikumbuke. Halafu akaanza wimbo wa msiba.

Watu wetu wote wanaujua wimbo ule, kwa kuwa ulipigwa matanga yote. Unaanza na ng’ombe waliochukuliwa, rangi zao na majina yao. Unafuata njia waliyopita. Unafika mtoni, unauliza mto kwa nini uliwaacha wavuke. Baada ya mto ndipo linapokuja jina la marehemu. Nilisikia ng’ombe wa kwanza akitajwa.

“Twende tukajilaze kibandani,” Wegesa alinong’ona, amempakata Gati. “Tujifunike. Mama Gati, twende.”

Ng’ombe mweusi mwenye baka jeupe. Ng’ombe mwekundu aliyevunjika pembe.

Upande wa pili wa uwanja mtoto akaanza kulia. Alikuwa mtoto wa Waisiko. Alikuwa na sauti nzito ya kiume, sauti ya kudai. Kila aliyenyonyesha anajua mwili unavyofanya. Hauulizi mtoto ni wa nani. Maziwa yalinijia kwa kishindo, yakalowesha kitenge mbele mpaka tumboni, nami nikasimama pale nimeloa kama mtu aliyemwagiwa maji, nikimsikiliza mtoto wa adui akilia na mume wangu akihesabu ng’ombe.

Ndipo nikakumbuka namna vita vinavyofungwa.

Niliona nikiwa msichana mdogo. Wazee walilaza mikuki chini kuwa mpaka. Wanawake wanaonyonyesha wa pande mbili wakasimama huku na huku, wakapokezana watoto juu ya mikuki ile, kila mmoja akamnyonyesha mtoto wa adui yake mpaka akashiba. Baada ya hapo watu wale ni ndugu wa titi moja. Hakuna tena wizi wa ng’ombe, hakuna damu. Anayemwaga damu, laana haimsubiri yeye. Inaanza na wale watoto walionyonya, ndipo inakwenda kwenye nyumba yake na zizi lake.

Lakini jambo lile ni la wazee. Linakuja mwisho, baada ya miezi ya vikao, baada ya ng’ombe kuchinjwa na maneno kusemwa na watu wanaojua kuyasema. Sijawahi kusikia mwanamke amelianzisha mwenyewe mchana kweupe katikati ya ngoma. Na mzee Nyangwine alikuwa ameniambia asubuhi ile ile kwamba vijana hawaogopi laana. Kama aliwajua vizuri, ningekuwa nimemchukua binti yangu kwa mikono yangu nikamweka mahali pa kwanza pa kuangukia laana. Nyamhanga akipiga, Heche angekufa, na Gati angefuata.

Wimbo ulikuwa umemaliza ng’ombe. Ulikuwa umeingia njiani.

“Nipe Gati,” nilimwambia Wegesa.

“Unakwenda wapi?”

“Katikati. Rhobi, wewe una sauti. Njoo.”

Rhobi hakuuliza. Tuliingia uwanjani, sisi wawili na mtoto. Nilisikia hatua nyuma yangu, nikageuka, nikamwona Wegesa naye anakuja, analia, amejishika tumbo kama mtu mwenye uchungu. Sikutazama upande wa majani. Nilijua nikitazama nitakaa chini.

Nilimfikia Waisiko, nikamshika mkono.

“Njoo. Lete mtoto.”

“Kuna nini?” Alikuwa bado anatabasamu. “Umeloa hivyo!”

“Nipe mwanao, shika wangu. Mpe titi.”

“Hapa? Mbele ya wanaume? Kwa nini?”

“Itazame miguu ya vijana wetu, Waisiko.”

Alitazama juu ya bega langu. Aliona vijana walioketi, aliona nyayo tupu, aliona mikono iliyozama kwenye majani. Tabasamu lilimtoka usoni taratibu. Nilidhani atapiga kelele, na kama angepiga tungekuwa tumekwisha. Hakupiga. Alimfungua mtoto mgongoni, na tukaenda pamoja mpaka kando ya kigoda cha Heche, mahali ambapo kila jicho lilituona.

Heche alikuwa amefika mtoni. Vidole vyake havikusimama, lakini nilisikia anaurudia ubeti ule ule: mto, kwa nini uliwaacha wavuke. Mto, kwa nini.

Tulikaa chini. Nilimkabidhi Waisiko Gati, nikampokea mwanawe. Mtoto yule alikuwa mzito, na harufu yake ilikuwa ngeni. Hakuwa na mashaka hata kidogo. Alilishika titi kwa nguvu akavuta. Gati alikataa. Nilikuwa nimemnyonyesha muda si mrefu uliopita, tumbo lake lilikuwa limejaa. Aligeuza kichwa, akajipinda, akaanza kulia.

“Hataki,” Waisiko alisema. “Mokami, hataki.”

“Mkamulie mdomoni.”

“Tazameni!” Rhobi alipaza sauti, na sauti ile ambayo siku mbili ilikuwa imeongoza vigelegele ilisikika mpaka mtoni. “Watu wa huku na watu wa ng’ambo, tazameni wote! Mtoto wao ananyonya kwetu! Mtoto wetu ananyonya kwao! Tata Nyangwine, simama uone!”

Viatu vya mti viliacha kugonga. Kilichobaki ni litungu tu, na ule ubeti mmoja wa mto, na kilio cha mwanangu. Nyamhanga alikuwa amesimama. Upinde ulikuwa katika mkono wake wa kushoto. Majani yalikuwa yamemng’ang’ania miguuni. Wenzake wawili, watatu, nao waliinuka. Wengine walikuwa wamemgeukia yeye, hawajajua la kufanya, na mmoja alikuwa anamtazama Gati.

Sasa watu wa ng’ambo walikuwa wameuona ule upinde. Niliona mwanaume mmoja wao akirudi nyuma hatua moja kuelekea mikukini, na mzee Nyangwine, fimbo mkononi, akija mbio kwa miguu yake mibovu kusimama mbele yake.

“Gati,” nilimwambia mwanangu, kama anayeweza kuelewa. “Nyonya.”

Waisiko alikamua. Maziwa yalimwagika kidevuni, yakaingia mdomoni. Mtoto alikohoa, akatema, akashika pumzi ili alie tena. Na katika ile pumzi Waisiko akalisukuma titi ndani. Mdomo ukafunga.

Heche aliuanza ubeti wa mto tena.

“Anameza,” Waisiko alisema kwa sauti ndogo.

Nikasimama na mtoto wake kifuani pangu, nikamwinua Waisiko kwa mkono uliobaki, nikamgeuza tukaelekea moja kwa moja kwenye upinde wa Nyamhanga, ili aone mwenyewe, kwa karibu, makoo yale mawili madogo yakipanda na kushuka.